Pedeli ya Gari la Bibi Harusi

Siku tuliyompeleka mdogo wangu kwa mumewe Kiwengwa, gari lilikuwa langu na dereva nilikuwa mimi. Nyuma alikaa yeye na shangazi yetu, wananukia udi. Mdogo wangu alikuwa akilia tangu tulipotoka mjini. Tulipoipita Bububu, taa ya injini ikawaka. Nakanyaga mafuta, gari haliongezi mwendo. Linatambaa tu.

“Limeharibika?” shangazi akauliza.

“Hapana. Kompyuta imelizuia.”

Hakuridhika, nikamweleza. Magari haya mguu hauvuti tena waya wa kwenda kwenye injini. Ndani ya pedeli mna sensa mbili, zote zinaiambia kompyuta mguu umeshuka kiasi gani. Kompyuta huzilinganisha, ndipo ifungue njia ya hewa na kupima mafuta. Zikipingana, haiamini hata moja. Haizimi gari, ila huliachia nguvu kidogo tu ya kufika kwa fundi.

“Na wewe si fundi?”

“Ndiye mimi, shangazi.”

“Basi tushafika.”

Nikasema wahamie gari jingine la msafara uliotufuata. Akakataa katakata: bibi harusi hashuki njiani watu wakamtazama. Nikazima, nikangoja, nikawasha. Kompyuta ikapima upya, ikaamua vilevile. Msafara ukatupigia honi mpaka ukachoka. Baiskeli yenye tenga la mananasi ikatupita, na mwenyewe akatupungia mkono.

Karibu na Kinyasini kilio kikakoma.

“Kaka, kwa mwendo huu tutafika saa ngapi?”

“Baada ya alasiri.”

“Basi nna njaa.”

Shangazi akatoa visheti mkobani. Mdogo wangu akala taratibu, akamsimulia mambo ya mumewe ambayo nilijifanya siyasikii, mwisho akacheka. Nikaacha kuikanyaga pedeli kwa hasira.

Tulipofika, wakwe wakatusifu kwamba bibi harusi kaletwa kwa heshima, bila pupa. Shangazi akajibu kuwa kwetu ndiyo desturi.

Walipoingia ndani, nikajilaza chini ya usukani na kanzu yangu nyeupe. Pini moja ya plagi ya pedeli ilikuwa na kutu ya kijani, kazi ya chumvi ya pwani; ndiyo iliyozigombanisha sensa. Baba mkwe akanikuta hivyo, akauliza kulikoni. Nikamwambia napumzika. Akaniletea mto.

Nikaupokea, nikamaliza kukwangua kutu, nikafuta kosa kwenye kompyuta kwa mashine yangu ya kupimia magari. Taa ikazimika, nikaenda kula pilau.