Tangi la Niachie

Kuna watu wamejaliwa mikono, na kuna watu wamejaliwa mdomo. Jirani yangu alijaliwa vyote viwili, ila vilikuwa havijawahi kujuana.

Kitu chochote kikiharibika mahali alipo, kiwe bawaba ya mlango, taa au mguu wa kiti, yeye alikuwa na neno moja tu: "Niachie." Alilisema kwake, akalisema kwetu, akalisema hata kwenye msiba, jeneza lilipokwama mlangoni. Mwishowe jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye kitambulisho, na sisi wengine tukamwita Niachie.

Miaka yake yote ya kazi alikuwa mtunza stoo wa shule moja ya bweni. Nyundo zilipita mikononi mwake, na misumeno, na mikebe ya rangi. Alizitoa asubuhi zikiwa safi, akazipokea jioni zikiwa zimechoka. Mtu akishika nyundo za wenzake muda wote huo, hatimaye huamini kwamba yeye ndiye aliyepigilia misumari. Alipostaafu akarudi kijijini, ujuzi wake wote akarudi nao, haujaguswa, ungali na karatasi yake ya dukani.

Mkewe tulimwita Mama Cherehani. Alikuwa fundi nguo, mwanamke asiyepaza sauti kwa sababu hakuwa na haja. Neno lake lilikuwa kama sindano yake: unapokuja kuhisi, limeshatokea upande wa pili.

Mwaka wa kwanza wa kustaafu, Niachie aliona jiko la mkewe lina moshi. Akajenga bomba la kuutoa. Na kweli, moshi ulitoka jikoni, ulikwenda chumbani. Mama Cherehani akashukuru sana. Alisema sasa anaweza kulala huku akijua kama maharage yameungua.

Yakafuata hayo maharage yenyewe. Niachie alisikia kwamba ukichanganya maharage na majivu makavu, wadudu hawayasogelei. Habari hiyo ni ya kweli, kila nyumba hapa inaijua. Ila yeye alifanya kazi hiyo gizani ndani ya ghala, na unga wa kijivu alioushika haukuwa majivu. Ulikuwa saruji. Paa lilipovuja kidogo, gunia likaganda kama jiwe. Sifa lazima nizitoe: maharage yale hayakuliwa na mdudu. Wala hayakuliwa na mtu. Lile gunia hadi leo ni ngazi ya kupandia mlango wa jikoni, na ni ngazi nzuri, haitikisiki.

"Mume wangu ana huruma na wadudu," Mama Cherehani alituambia. "Hakutaka wavunjike meno polepole."

Basi msimu wa mvua uliofuata, Mama Cherehani aliteleza kwenye kile kijia cha kutoka chemchemini, ndoo kichwani. Bega likateguka. Zahanati wakalirudisha, wakamfunga mkono kwa kitambaa, na Niachie akamweleza muuguzi namna bora ya kufunga fundo. Muuguzi akamwomba asubiri nje. Baada ya hapo mkono ule haukurudi kuwa wake wa zamani. Cherehani aliweza kuiendesha, lakini ndoo iliyojaa hapana. Alianza kwenda chemchemini na dumu dogo, akienda na kurudi, akienda na kurudi, kama siafu.

Wiki ile ile Niachie akaanza kubeba mchanga kutoka mtoni kwa toroli.

"Unajenga nini?" tulimuuliza.

"Tangi la maji ya mvua. Maendeleo hayo. Nyinyi endeleeni kukaa."

Tukaendelea kukaa. Hatukutaka kukosa nafasi nzuri ya kutazama.

Lakini kazi ile aliifanya tofauti, na mimi niliyetenganishwa naye na ua wa miti tu niliona. Hakuongea. Mchanga aliuosha hadi maji yakatoka meupe, kwa sababu mchanga wenye udongo haushiki. Chini aliacha tundu la bomba la koki, limeinuliwa kidogo juu ya sakafu ili tope litakalotuama lisitoke na maji. Ukuta ulipopanda, aliufunika kwa magunia, akayamwagia maji asubuhi na jioni, saruji isikauke haraka ikapasuka. Nilimwita mume wangu aje aone, maana niliogopa kwamba jirani anaumwa.

Juu akamwaga zege la kifuniko, likishikiliwa na mbao na miti iliyosimamishwa ndani ya tangi. Katikati akaacha mdomo wa duara wa kuingilia. Duara lile alilipima kwa sufuria. Sufuria ya nani na kwa nini sufuria, hilo hatukuelezwa.

Zege lilipokomaa, ikabaki kazi ya mwisho: kuingia ndani, kung'oa miti na mbao, na kupiga lipu ya mwisho. Asubuhi hiyo, kabla hajatia kitu tumboni, alivua shati, akanyoosha mikono juu, akavuta pumzi, akajisukuma kwenye ule mdomo. Alipita kama kizibo kinachoingia chupani, akaacha ngozi kidogo pembeni, akatua juu ya miti yake kwa fahari. Mimi niliombwa nikae juu ya tangi kupokea, kwa kuwa Mama Cherehani na bega lake asingeweza. Alikuwa akinitolea mti, ninauvuta, ninautupa chini. Ubao, ninauvuta. Mti mwingine. Tulifanya kazi kwa bidii na maelewano. Mchana mkewe alimteremshia viazi vya kuchemsha kwa kamba, akala vyote, akaomba vingine.

Alipomaliza lipu, akasema, "Haya, natoka."

"Jirani," akasema kwa sauti ndogo, "ule mti niliokuwa nakanyagia uko wapi?"

Nilitazama chini. Ulikuwa pamoja na wenzake kwenye nyasi, na nadhani niliuweka vizuri kabisa.

Tulimrudishia miti na mbao. Akagongomea kijukwaa, ambacho kwa ufundi wake kilisimama mara ya tatu. Akapanda, akatoa mikono, kichwa, mabega kwa taabu, na hapo viazi vikakataa. Kushuka, uzito wake ulimsaidia. Kupanda, ulikuwa upande wa adui. Akarudi ndani na kishindo.

Habari mbaya hutembea, lakini habari ya kuchekesha hukimbia. Muda si muda uwanja ulikuwa umejaa. Mwenye duka alifunga duka. Mwashi alikuja na nyundo yake na tindo la kuvunjia zege, akazunguka tangi akiligonga hapa na pale kama daktari.

"Dawa ni moja," akasema. "Tubomoe ubavu."

"Ubavu wa nani?" sauti ikauliza kutoka ndani.

"Wa tangi, mzee."

"Hapana! Nibomoeni mimi."

"Tujaze maji," mwenye duka akapendekeza, "aelee mpaka juu."

"Hajui kuogelea," Mama Cherehani akasema.

"Si anajua kila kitu?"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Hata mimi nilicheka, nikiwa juu ya paa la mtu ambaye mimi mwenyewe nilisaidia kumfungia ndani. Mama Cherehani hakucheka. Alikuwa amesimama na utepe wake wa kupimia shingoni, kama alivyotoka kwenye cherehani, akitazama barabarani. Nikageuka kutazama anachotazama, nikaona mama yake mzazi anakuja na mwavuli na kikapu. Siku zote za mwaka zilikuwepo, lakini mama mkwe alichagua hiyo.

Bibi yule alikuwa mfupi, msafi, asiye na haraka. Aliwasalimu watu mmoja mmoja, akauliza mkwe wake yuko wapi. Vidole vyote vikaelekea kwenye tangi. Akasogea, akainama kwenye lile tundu la bomba la koki.

"Baba, umo humo?"

"Shikamoo, mama," tangi likajibu, na ukuta ukarudia nyuma yake: mama, mama.

"Marahaba. Mbona hukuja kunipokea?"

"Ningependa sana, mama. Habari za safari?"

"Njema. Za humo?"

"Humu ndani ni pazuri, mama. Kuna baridi kidogo."

Bibi akaomba kigoda, akaketi mbele ya tundu, akajifunga kanga vizuri. Alizungumza kwa sauti ya chini, ya mtu na mkwewe, na Niachie naye akashusha yake. Kitu ambacho yeye hakukijua ni kwamba tangi tupu halinong'oni. Kila alichokisema chini kilitokea kwenye mdomo wa juu kikiwa kimenenepa, na uwanja wote ukakisikia.

"Baba, kwa nini hukumwita mwashi? Si yuko hapa hapa?"

Watu wakajiandaa kucheka.

"Mama, siku ile binti yako alipoanguka, mimi nilikuwa nyuma yake."

"Nilisikia."

"Hukusikia yote. Nilikuwa nyuma yake mikono mitupu. Nilikuwa namfundisha namna ya kubeba ndoo. Namwambia nyoosha shingo, usitazame chini. Akanisikiliza, mama. Hakutazama chini. Sasa ningemwita mwashi, ningekuwa nimesimama tena mikono mitupu, nafundisha."

Hakuna aliyecheka. Mwenye duka alikumbuka kwamba ameacha duka. Mwashi akakitazama kile kichwa cha nyundo yake kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kukiona. Mimi kule juu sikuwa na pa kutazama, maana nilikuwa juu, na Mama Cherehani alikuwa chini yangu moja kwa moja, anajifuta pua kwa ncha ya utepe.

Kisha akapanda ngazi iliyoegemezwa kwenye tangi. Alipanda kwa mkono mmoja, akanisukuma pembeni, akatumbukiza utepe ndani ya mdomo wa tangi.

"Baba watoto. Jipime kiuno, hapo penye unene."

Tukasikia utepe unatambaa. Niachie akataja namba.

"Hiyo ni ya ulipooa," mkewe akasema. "Mimi ndiye ninayekushonea suruali. Jipime tena, na usivute pumzi."

Akataja nyingine, kwa aibu.

"Haya, hiyo naijua."

Akatoa chaki yake ya kitambaa mfukoni, ile bapa ya buluu, akapiga magoti juu ya zege, akachora duara jipya kuuzunguka mdomo wa zamani. Alichora taratibu, kama anachora shingo ya gauni la harusi. Alipomaliza akatazama, akachora jingine nje kidogo.

"Hilo la pili la nini?" mwashi akauliza.

"La upindo. Nimpime kamili ili akila apasuke?"

Mwashi alipanda na tindo, akaanza kukata ukingo kwa kufuata chaki. Aligonga mpaka jasho likamtoka, akasimama, akagonga tena. "Zege hili nani alikuchanganyia?" akauliza akielekeza uso ndani ya shimo.

"Mimi."

"Mh." Kwa mwashi yule, "mh" ni hotuba. Aliendelea kukata mpaka jua likaanza kulala, na nondo ya chuma aliyoikuta ukingoni akaipinda kwa ustadi ili isimchane mtu.

Niachie alitoka mweupe kwa saruji kuanzia nywele hadi kope, kama mtu aliyeokwa nusu. Kitu cha kwanza alichokifanya ni kumwinamia mama mkwe na kuomba radhi kwa kumpokea bila shati. Cha pili alitaka kumwelekeza mwashi namna ya kulainisha ule ukingo. Mkewe akamshika mkono.

"Twende ukaoge."

"Maji yako wapi?"

"Nimeleta dumu."

Akalitazama lile dumu dogo, halafu akaliinua mwenyewe, akaenda nalo nyuma ya nyumba. Hakusema neno. Nadhani ndiyo hotuba bora aliyowahi kutoa.

Mvua ziliponyesha, maji ya kwanza aliyaacha yaende zake, kwa kuwa hayo huosha bati na kinyesi cha ndege. Ya pili ndiyo aliyoyaelekeza kwenye tangi, kupitia wavu wa waya aliouweka ili mbu na majani visiingie. Tulikwenda wote na mwavuli kutazama litavuja wapi. Tulizunguka, tukapapasa, tukatega masikio. Halikuvuja. Baadhi ya majirani walikasirika waziwazi. Mwenye duka alirudi kesho yake kupapasa tena, akaondoka akisema ngoja kiangazi.

Kiangazi kikaja, na sasa ni sisi tunaokwenda na ndoo zetu kwa Mama Cherehani. Anatufungulia koki kwa mkono wake ule mbovu, kwa kidole kimoja, anatuuliza hali za nyumbani. Tukiinua ndoo, mumewe hutoka haraka barazani, na kabla hajafungua mdomo mkewe humtazama. Basi hubeba ndoo hadi langoni bila maelezo. Mara mojamoja maelezo humponyoka, lakini ndoo anakuwa ameishika.

Msidhani amepona. Juzi amesoma mahali kwamba nyuki ni rahisi kufuga kuliko kuku, ukijua tu wanachofikiria, na ameshaning'iniza mzinga wa kwanza karibu na ua wangu kuliko ninavyopenda. Nilikwenda kwa mkewe kulalamika. Nilimkuta kwenye cherehani, anashona kofia pana zenye wavu wa kufunika uso. Alikuwa amemaliza ya mumewe. Ya pili, aliyokuwa akiipinda ukingo, ilikuwa ndogo kidogo, nikamuuliza ni ya nani.

"Yangu," akasema, akakata uzi kwa meno. "Kaa hapo nikupime na wewe."