Wimbo wa Mwasiti Ndani ya Simu

Kila siku baada ya swala ya alasiri, Muzee Jumaine alifunga mlango wa chumba, akakaa kitandani upande wake, akampigia simu mke wake aliyekufa.

Mwasiti alikuwa ardhini tangu wakati wa vita. Sukari ndiyo ilimwondoa, siku zile dawa zilipokuwa hazipiti kuingia mjini. Lakini simu yake ilikuwa chini ya mto, imewashwa, imejaa chaji. Muzee alibonyeza simu yake mwenyewe, akaiweka sikioni. Ile ya chini ya mto ikatetemeka. Na pale ambapo kwa watu wengine hulia mlio, akaimba Mwasiti.

Muzee alisikiliza mpaka laini ikakatika yenyewe. Kisha akatoka nje akakaa. Siku ilikuwa imekwisha.

Wimbo huo una asili yake. Miaka ya utulivu kidogo, kampuni ya simu ilipiga hema jeupe karibu na kambi ya Katindo, hapa Goma. Vijana wenye fulana za rangi moja walisema wanatafuta sauti za mtaa. Mwasiti akaenda na wanawake wenzake wa kuimba harusini. Wakaimba ndani ya gari lililozibwa madirisha kwa magodoro, wakapewa miavuli, wakarudi nyumbani. Baadaye wimbo ukaingia kwenye simu: anayetaka anauweka, na kila anayempigia anausikia kabla hajapokelewa. Mwasiti aliuweka kwenye namba yake, akacheka siku nzima.

"Sasa hata mawifi wenye wananisema watanisikia kwanza nikiimba."

Ulikuwa wimbo wa kumfikisha bibi harusi kwa wakwe. Wenzake waliitikia, yeye alitangulia. Na maneno ya kutangulia aliyatoa kwa mume wake. Jumaine aliendesha lori tangu ujana, akibeba maharagwe ya Masisi, samaki wa chumvi wa Vitshumbi. Akirudi, Mwasiti alimuuliza njia ilikuwa namna gani. Yeye alijibu, "Tulizama matopeni." Ama, "Daraja lilikatika." Basi, anavuta sahani. Yale maneno mawili Mwasiti aliyachukua, akayapika. Yakatoka harusini yana miguu na mikono: bibi harusi alizama wapi, alilala kwa nani, nani alimsukuma na nani alisimama tu akiangalia. Watu walicheka mpaka machozi. Jumaine hakucheka mbele ya watu. Lakini alijua ni yeye anayeimbwa.

Arobaini ilipofika, wanawake waligawana vitu vya marehemu, kama desturi ilivyo. Vitenge, sufuria, ule mwavuli. Jamila, mdogo wake Mwasiti, akainua kichwa.

"Na simu, shemeji?"

"Iliharibika."

Alisema vile mbele ya watu waliokuwa wametoka kusoma dua. Neno likishatoka halina breki. Tangu siku ile hakuweza kumwambia mtu yeyote kwamba simu ipo, wala kwamba anaipigia. Hata kuichaji hakuipeleka kwa Evariste, fundi wa simu wa pale pembeni, maana Evariste aliijua. Alivuka mitaa, akaichaji kwa watu wasiomjua, akaisubiri palepale huku ameikodolea macho.

Siku moja alipiga, na Mwasiti hakuimba.

Tuu. Tuu. Tuu.

Akafikiri amekosea namba. Akaweka mkono chini ya mto. Simu ilikuwa inatetemeka. Akapiga tena. Tuu. Kesho yake vilevile. Siku iliyofuata hakula.

Mwisho alifunga simu zote mbili ndani ya kitambaa akaenda kwa Evariste. Evariste alitengeneza simu na kuwajazia watu nyimbo kwenye karte memoire, zile kadi ndogo za simu, na spika yake pale mlangoni ilikuwa inapigia mtaa mzima kelele.

"Papa Jumaine! Leo umetukumbuka? Nilizania ulihamia Kisangani bila kuaga."

"Jambo."

"Jambo sana. Leta nione." Kitambaa kikafunguka. Evariste akaiinua moja. "Hii si ya mama Mwasiti? Walisema ilikufa."

"Haikukufa." Muzee akatafuta maneno. "Wimbo umetoka."

"Wimbo gani?"

Muzee akasema. Alisema habari ya mto, ya alasiri, ya kupiga bila kupokelewa. Tangu mazishi hakuwa amesema maneno mengi namna ile. Alipomaliza, Evariste alinyoosha mkono akazima spika.

"Papa, uniti za kupigia ulikuwa unaweka?"

"Ninaweka."

"Ku simu gani?"

"Yangu. Si mimi njo ninapiga?"

Evariste akajishika kichwa. "Aa, muzee wangu. Kupiga bila kupokelewa ni bule. Wimbo, ni simu ya mama njo ilikuwa inaulipia. Kila mwezi kampuni inakata uniti zake kidogo kidogo. Zimeisha, wameutoa."

Kumbe Mwasiti alikuwa akilipa mwenyewe, tangu kaburini, mpaka za mwisho.

"Weka basi," Muzee akasema. "Weka nyingi."

Evariste akaweka. Akabonyeza namba za huduma, akasikiliza mashine, akabonyeza, akasikiliza. Akatafuta kwa jina la Mwasiti, kwa jina la Goma, kwa neno harusi. Yakatoka majina ya vijana wa Kinshasa na wa Lagos. Akaweka simu chini taratibu.

"Haiko tena. Wamefagia."

"Wamefagia wapi?"

"Ku mashine yao. Unaona, papa, zamani mutu alikuwa na kaseti. Ikikatika, unaiunga na rangi ya kucha ya bibi yako, inaimba. Leo nyimbo hazina nyumba. Ziko hewani, na hewa iko na mwenyewe. Mimi hapa nauza nyimbo elfu ndani ya kitu kidogo kama ukucha. Hakuna mutu anasikiliza hata moja mpaka mwisho." Akamtazama yule mzee, sauti ikabadilika. "Lakini kwa nini haukuniambia? Ni dakika moja! Nakutanisha simu mbili, naichukua ile sauti, nakuwekea ku karte, ku radio, hata ku jiwe ningekuwekea."

Muzee akazikusanya simu zake. Hakuwa anajua kwamba inawezekana. Na angemuuliza nani, yeye aliyekwisha kusema simu iliharibika?

"Nenda ku ajansi," Evariste akasema. "Walichukua wao wenyewe ile sauti. Labda waliilinda."

Ajansi, ofisi ya kampuni ya simu, ilikuwa na vioo na ubaridi wa mashine. Ukutani kuliandikwa kitu kwa herufi kubwa, Muzee hakujua kusoma, mwanamke wa mbele yake akamsomea: "Furaha yako ndiyo kazi yetu." Foleni ilikuwa ndefu. Tangu waasi walipouchukua mji na benki zikafungwa, kila mtu na shida zake alizileta pale.

"Simu njo serikali yetu sasa," akasema bwana mmoja mwenye kofia.

"Serikali gani?" akadakia mwanamke. "Ya Kinshasa ama hii ya hapa?"

"Ile yenye inakata uniti. Hiyo haijawahi kukimbia mji."

Foleni ikacheka, kisha ikakumbuka askari aliyesimama mlangoni, ikaacha kucheka. Muzee alitazama miguu yake. Bendera alizopita chini yake na lori lake hakuzihesabu. Waliokuja wote waliapa kutengeneza barabara. Wote walianza na kizuizi.

Zamu yake ilifika. Msichana wa mezani alikuwa na jina kwenye kifua na fulana ya rangi ileile ya wale vijana wa hema.

"Karibu sana, papa. Mimi ni Sylvie. Nikutumikie kwa furaha gani leo?"

Alilisema kama mtu anayesoma rozari huku anafikiria mboga.

Muzee akaweka simu ya Mwasiti mezani. "Huyu ni bibi yangu. Aliimba ndani ya gari yenu. Mumemutoa."

Sylvie akauliza mara mbili, tatu, mpaka akaelewa. Akachapa. Akangoja. Akachapa tena.

"Papa, nyimbo hazishikwi na sisi. Kuna kampuni ingine, tuliachana nayo. Wimbo wenye hauna wasikilizaji wengi, mashine inaufuta. Si mutu anaamua."

"Mimi nilikuwa nausikiliza. Kila siku."

"Mutu mumoja, papa."

"Njo mimi."

Sylvie akatazama meza.

"Na ile yenyewe?" Muzee akauliza. "Ya ndani ya gari?"

"Kama iko, iko direksioni, kwa wakubwa. Kinshasa. Na Kinshasa, papa…" Akashusha sauti. "Hata sisi wenyewe hawatujibu. Wakiona barua imetoka Goma hawajui tuko wa nani. Na hawa wa hapa wakiona tunaandikia kule, wanatuuliza tunaandika nini."

Kwenye meza kulikuwa na saa ndogo nyekundu inayohesabu mteja amekaa muda gani. Nyuma, shefu, mkubwa wake mwenye tai, alikohoa. Sylvie akaigeuza ile saa, akatoa simu yake mwenyewe.

"Kuna kitu ya mwisho. Simu hii, ukiiimbia, inatafuta wimbo dunia nzima. Kama mutu yeyote aliuweka popote, itautoa. Imba, papa. Kidogo tu."

"Niimbe?"

"Hapa. Karibu."

Muzee hakuwahi kuimba. Hata lori lilipozama na wenzake wakaimba ili wasukume, yeye alisukuma kimya. Aliinama mbele ya ile simu kama mtu anayekunywa maji mtoni.

"Tumemuleta mwali wenu," akaanza, sauti ikitoka kama breki kavu, "njia ilikuwa mbaya. Tumemuleta mwali wenu, njia ilikuwa mbaya."

Akasimama. Hiyo ilikuwa sehemu ya waitikiaji. Akatafuta ya Mwasiti. Bibi harusi alizama kwanza Sake ama Rutshuru? Nani alimsukuma? Nani alisimama akiangalia? Alikuwa ameisikia kila alasiri, na kila alasiri aliiacha impite, maana kesho ingekuwapo. Akafungua mdomo.

"Tumemuleta mwali wenu…"

"Endelea, papa," Sylvie akanong'ona.

"Hiyo ni ya wenzake. Ya kwake sina."

"Na wale wenzake, wako wapi?"

"Mmoja Uganda, ku kambi. Wengine vita iliwatawanya. Na hao nao walikuwa wanaitikia tu. Mwenye kutangulia alikuwa ni yeye."

Simu ya Sylvie ikazunguka, ikazunguka, ikatoa jibu. Ilileta wimbo wa kijana fulani anayesifu marashi. Ukaanza kupiga kwa nguvu. Sylvie akauzima haraka, lakini mtu mmoja nyuma alikuwa amekwisha kucheka.

"Sylvie!" akaita shefu. "Dakika zako!"

"Ndiyo, shefu." Akamrudishia Muzee simu kwa mikono miwili. Kisha akasogeza kitu kama kioo kilichosimama mezani. Kilikuwa na sura tatu za duara: moja inacheka, moja imenyooka mdomo, moja inalia. "Papa, unisamehe. Mbele ya kutoka lazima ubonyeze moja. Ni ya kusema kama nilikutumikia muzuri."

Muzee akaitazama ile inayolia. Kidole chake kikaanza kwenda.

"Papa," Sylvie akasema, midomo haisogei, "shefu anaziangalia jioni. Mwenzangu Umutesi walimutoa juu ya hiyo ya kulia. Niko na watoto."

Kidole kikakaa hewani. Halafu Muzee Jumaine akabonyeza ile inayocheka.

Kioo kikapiga muziki mfupi. Sauti ya msichana ambaye hakuwa wa Goma wala wa popote ikamshukuru kwa kuwaamini.

Nje jua lilikuwa kali na pikipiki zinapiga honi. Muzee akakaa juu ya ukuta wa mawe meusi. Adhana ya alasiri ilikuwa bado. Akaitoa simu ya Mwasiti, akatafuta pa kuizimia, hakupajua; haikuwahi kuzimwa tangu mwenyewe alipokufa. Akaingiza ukucha mgongoni mwa simu, akaifungua, akang'oa betri.

Ilikuwa bado ya moto.