Ndoo Niliyomtwika

Mimi shule niliishia darasa la tatu, naandika kama ninavyoongea. Gari nilijifunza ukubwani, nilikuwaga nabeba dagaa toka Mwigobero kule ziwani, lakini hayo ni mengine.

Siku hiyo tulikuwa tunatoka Bunda na pikapu, mimi na mke wangu, tunarudi nyumbani Butiama. Yeye ameinamia kapu lake. Pembeni ya barabara mtu kainua sato, samaki mnene kweli. Nikakanyaga breki bila kuangalia nyuma. Lori likatugonga. Kichwa cha mke wangu kikaenda nyuma, kikarudi mbele kwa nguvu. Damu hata tone hakuna. Tukamshukuru Mungu. Watu walipouliza, nikasema yule wa lori alikuwa anakimbiza. Sato sikumtaja.

Kesho yake mke wangu akaamka kashika shingo. "Baba, haigeuki."

"Umelala vibaya. Gari lenyewe limepona, wewe ndio uvunjike?"

Siku ya tatu maji yakaisha. Kisima kipo nyuma ya nyumba. Nikajaza ndoo, nikamtwika kwa mikono yangu hii. Alipiga hatua chache tu, akaitua, akakaa chini analia. Huyu mwanamke kazaa watoto saba, sikuwahi kuona chozi lake.

Hospitalini picha ikaonyesha mifupa mizima. Nikataka kusema, si nilisema! Daktari, binti wa rika la mjukuu wangu, akaniwahi.

"Babu, picha inaona mifupa. Hapa ni misuli na nyuzi za shingo zimevutika, na maumivu yake huchelewa. Asivutwe shingo na mtu. Kulala tu kutwa nako hapana, awe anaigeuza polepole kila siku. Kichwani asibebe kitu kwanza. Nani alimpa hiyo ndoo aliyonisimulia?"

Nikaangalia viatu vyangu.

"Nilibeba mwenyewe," mke wangu akasema.

Tangu hapo maji nachota mimi. Wazee wenzangu wakipita wananicheka, "Mwenzetu, umeolewa lini?" Mimi napitaga na ndoo yangu. Na jioni nakaaga kushoto kwake, upande ambao shingo ilikuwa inagoma.

Wiki zikapita. Jioni moja tunachambua mchele, akageuka kushoto, taratibu, mpaka macho yake yakafika kwangu.

"Yule sato," akasema, "ulimtaka wa kukaanga au wa mchuzi?"

Nikachukua ndoo, nikaenda kisimani. Maji ndani yalikuwepo bado ya kutosha.