Nilivyomchagulia Baba Divai ya Kiitalia

Baba alikuwa mpishi wa Wazungu hapa mjini Élisabethville, Kongo, tangu kabla sijazaliwa. Alifungua chupa za divai, akamimina, akafuta meza, na hakuwahi kuonja hata tone. Sheria ilitukataza sisi weusi kunywa divai, na mwenzake mmoja alifungwa kwa kumalizia kilichobaki katika bilauri. Sheria hiyo ilipoondolewa, baba alikuwa amekwisha kuacha kazi, anakaa nasi mtaani Katuba. Nikaapa kwamba chupa yake ya kwanza nitaichagua mimi, na itakuwa nzuri.

Mume wangu alicheka. "Utachagua namna gani? Kamata tu ile iko na karatasi muzuri juu ya chupa."

Jumamosi nilivaa kitenge cha kanisani nikaenda mjini, kwenye duka la Mwitalia mmoja na mkewe, waliouza jibini, mafuta ya zeituni na divai. Mwenye duka alinitazama juu hadi chini.

"Nani amekutuma?"

"Nimejituma mwenyewe. Niko natafuta divai ya baba yangu."

Akanisogezea chupa iliyokuwa karibu. "Kamata hii. Iko tamu. Batu beusi banapenda tamu."

"Sikuomba tamu, bwana. Niliomba nzuri."

Akainua mabega, akaendelea kukata jibini. Sikuondoka. Wateja waliingia wakatoka, nami nimesimama palepale, miguu inaniuma. Mwishowe mkewe akatoka nyuma ya duka akifuta mikono.

"Mutakula nini na hiyo divai, mama?"

Sikulitegemea swali hilo. "Mbuzi wa kuchoma na bukari, ugali wetu. Na samaki wakavu wa Pweto, kwa karanga."

"Ah! Basi usianze na chupa. Anza na sufuria."

Alinimiminia kidogo kidogo nionje. Nyekundu ya kwanza, ya chupa iliyovishwa majani makavu, ilinikausha ulimi kama ndizi mbichi. Nilikunja uso. Akanipa kipande cha soseji yenye mafuta, akasema, "Sasa kunywa tena." Kweli, ukali ulikuwa umelainika. Divai inayokausha ulimi, alinieleza, inataka nyama yenye mafuta. Samaki anataka nyeupe, tena iliyopoa. Na chupa ghali si lazima iwe nzuri kwa anayeanza. Mumewe alinung'unika kwa Kiitalia. Mke hakugeuka hata kumtazama. Nikatoka na chupa mbili, nyekundu na nyeupe.

Friji hatukuwa nayo. Jumapili niliizungushia ile nyeupe gunia lililoloa maji, nikaiweka kivulini penye upepo. Chakula kilipokuwa tayari, baba aliona chupa, akasimama mara moja kufungua na kumimina, kitambaa kikiwa tayari mkononi.

"Keti, baba."

"Mwanangu, miye ndiye mwenye kujua kufungua."

"Fungua, lakini kisha uketi. Leo nitamimina mimi."

Alifungua, akaketi, mikono juu ya magoti. Nikammiminia nyekundu, akainywa kabla hajagusa nyama. Uso ukakunjamana.

"Ni hii tu walikuwa wananifichia?"

Mume wangu alicheka mpaka akapaliwa. Mimi sikucheka, nilisogeza sahani ya mbuzi. "Kula kwanza, baba, kisha unywe." Akala, akanywa, akala tena. Baadaye nikampa nyeupe na samaki. Akaishika mdomoni muda mrefu, na niliona macho yake yamelowa.

"Hii," akasema. "Ile nyekundu umupe bwana yako."

Akaimaliza bilauri. Kisha akaniambia kwamba yule mwenzake aliyefungwa alikuwa angali hai, anaishi kando ya njia ya kwenda Kasomeno, na kwamba angependa kumpelekea chupa. Lakini hiyo, akasema, ataichagua yeye mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata tuliingia dukani wawili. Baba alivua kofia, akampita mwenye duka, akaenda moja kwa moja kwa mkewe. "Mama," akasema, "rafiki yangu anakula kuku na pilipili mingi. Tuanzie wapi?"