Minki, Shakwe na Kikohozi cha Ufini

Mimi ni msomi wa jioni. Wenzangu walipata vyeti vyao mchana, wakiwa na nguvu zao. Mimi changu nilikifuata Campbelltown baada ya kushinda nikiendesha foklifti kwenye ghala la vigae kule Granville. Nilisinzia kwenye treni kiasi kwamba sasa kila dirisha la reli ile linalijua shavu langu. Kozi yenyewe ilikuwa ya wasaidizi wa afya. Nilijifunza mengi, lakini somo lililonikaa sikulipata kwa mwalimu. Nililipata kwa dada mmoja Mrundi aliyekaa dawati la mbele yangu, mfanyakazi wa nyumba ya wazee, mpole, mwenye akili ya kutosha kugawia Sydney nzima na bado ikabaki ya kwenda nayo nyumbani.

Tulipewa kazi ya kueleza mbele ya darasa jinsi ugonjwa unavyoenea mahali pa kazi. Sisi wengine wote tulichagua kunawa mikono. Mimi nilizungumzia sabuni mpaka nikajichosha mwenyewe. Zamu ya dada ilipofika, aliingia na maboksi ya viatu aliyookota nyuma ya maduka ya Bankstown, akayapanga mezani safu mbili, boksi limegusa boksi. Kabla ya kuanza akapita darasa zima akitupa mkono mmoja mmoja. Hilo halikutushangaza. Warundi ninaowajua hawaanzi jambo bila kumpa kila mtu mkono, hata mkiwa mmejaa uwanja wa mpira.

Akaanza. Maboksi yale, akasema, ni vizimba vya minki. Minki ni mnyama mdogo, mrefu kama nguchiro, mwenye manyoya ya kupendeza mno kwa bahati yake mbaya. Ulaya kuna mashamba yanayomfuga kwa maelfu, yeye na mbweha, ili ngozi zao zishonwe makoti. Wanakaa kwenye vizimba vya waya chini ya paa lisilo na kuta. Chakula chao ni uji mzito wa samaki na matumbo ya kuku, hupakwa juu ya waya, na shakwe wanaupenda kuliko minki wenyewe. Shakwe mwenye mafua ya ndege anatua, anakula, anakunya, anaenda zake. Minki wa kizimba kile anaugua. Jirani yake anaugua. Kisha akasema jambo lililomfanya mwalimu aache kuandika: minki hushikwa na mafua ya ndege, na hushikwa na mafua ya watu pia. Virusi vya namna hizo mbili vikikutana ndani ya mnyama mmoja vinaweza kubadilishana vipande, kikatoka kirusi kipya ambacho mwili wa mtu haujawahi kukiona.

"Sasa tazameni mikono yenu," akasema.

Ilikuwa na rangi ya manjano. Alikuwa amejipaka kiganjani bizari kidogo ya kupikia. Mmoja wetu alikuwa nayo puani, mwingine kwenye kikombe cha kahawa, na mimi nilikuwa nayo hadi sikioni, sijui sikio langu lilikuwa na shughuli gani.

"Mimi ndiye shakwe," akasema, akakaa.

Wakati wa mapumziko nilimfuata kwenye birika la maji moto.

"Dada, hayo ya minki umeyatoa wapi? Kule kambi ya wakimbizi mlikuwa mnavaa makoti?"

"Acha utani, kaka. Ni mdogo wangu. Anafanya kazi kwenye mashamba hayo."

Akanieleza. Walikulia kambini Tanzania. Faili zao za kuhamishiwa ng'ambo zilipotenganishwa, yeye na mumewe wakaletwa Australia, mdogo wake akapelekwa Ufini pamoja na mjomba wao. Hawajaonana miaka tisa. Sasa kijana alikuwa amepata viza, na angefika Ijumaa ya wiki iliyofuata kuja kumwona dada yake akichukua cheti. Lakini wilaya anakofanya kazi shakwe walikuwa wakianguka na kufa, na kwenye shamba la jirani mbweha walikuwa wameanza kufa. Wafanyakazi wote waliambiwa: ukihisi homa, usije kazini, mpigie daktari.

"Na jana sauti yake si yake," dada akasema. "Ananiambia ni vumbi. Ile vumbi gani, na mvua imewanyeshea wiki nzima?"

"Mwambie aende hospitali."

"Nikimwambia mimi, ni dada tu anasumbua. Njoo Jumamosi umwambie wewe. Kiswahili yako iko kama ya redio. Atafikiri ni taarifa."

Jumamosi nikaenda kwake Bankstown, saa tisa alasiri, kule Ufini bado asubuhi. Nilivaa tai, kwa ajili ya simu ya sauti tu. Nikamweleza kijana habari za shakwe, waya na virusi kwa ufasaha ambao sijawahi kuufikia tena. Akaitika vizuri mno.

"Ndiyo, mzee. Nimekusikia, mzee. Mimi mzima kabisa."

Mara kwa mara simu ilikuwa inakuwa kimya, halafu yeye anarudi. Nikajisifu moyoni kwamba maneno yangu yalikuwa yanamwingia. Dada, aliyekuwa akisikiliza yote kwenye spika, akaninyang'anya simu.

"Kwa nini unafunga mikro ya simu?"

"Sijafunga, dada."

"Unafunga, unakohoa, unafungua. Nani amekufundisha kuficha kikohozi?"



"Wewe, dada," kijana akasema.

Dada akakaa chini. Kambini, mtu aliyekohoa siku ya kupimwa afya faili yake iliweza kurudishwa nyuma miezi na miezi, na familia nzima ikabaki. Kwa hiyo yeye mwenyewe, kwa mikono yake, alimfundisha mdogo wake wa miaka kumi na mitatu kumumunya punje ya chumvi, kubana kifua na kumtazama daktari usoni. Kijana alifaulu vizuri sana. Hata sasa alikuwa anafaulu.

"Bon. Nisikilize," dada akasema, polepole. "Ile ilikuwa ya kambi. Nilikufundisha mimi, na leo nakufundisha kuiacha. Naomba unisamehe."

"Nikisema, watanifungia ndani. Ndege ni Alhamisi. Nitakukosa."

"Utanikosa."

"Miaka tisa, dada."

"Nimeihesabu mimi. Piga kwa dokteri sasa hivi, halafu kwa shefu wako wa kazi. Na kwenye minki usirudi, hata kama umesahau buti."

Kijana akakohoa, kikohozi kizima, cha wazi, mpaka simu ikatetemeka mkononi mwa dada.

"Sawa," akasema. "Napiga."

Foklifti yangu huinua tani mbili za vigae na kupiga kelele mtaa mzima usikie. Dada aliinua kitu kizito kuliko hicho mbele yangu, kwa sauti ya chini, kisha akaniuliza kama nitakula.

Majibu yalitoka Jumatatu. Yalikuwa mafua ya watu, yale ya kawaida. Daktari alimwambia kwamba minki wa shamba lake walikuwa bado wazima, shakwe wakiwarukia juu ya vichwa, na kwamba mtu wa kuwapa minki mafua ya watu, ya ndege yakiwa tayari juu yao, ndiye hasa waliyekuwa wakimwogopa madaktari. Akaamriwa kubaki nyumbani. Alhamisi ndege ikaondoka bila yeye.

Siku ya vyeti dada alivaa kitenge kilichofanya ukumbi wote uonekane umefifia. Mwalimu akampongeza, akamuuliza ni nani aliyekuja kumsindikiza.

"Hakuna. Mdogo wangu anaumwa, huko Ufini."

"Pole sana."

"Hapana, mwalimu," dada akasema. "Anaumwa, na amesema."

Kisha akanigeukia na kuniomba nimpige picha upya ya kumtumia mdogo wake, maana katika ile ya kwanza nilikuwa nimemkata kichwa.