Kwenda Kiambere Kupimiwa Breki

Nilikuwa na sababu mbili za kuondoka Nkubu, na mama nilimwambia moja tu. Nilimwambia breki za baiskeli yangu zinanisumbua na sijapata fundi wa kuzirekebisha. Hilo la breki lilikuwa kweli. Baiskeli yangu ni ile ya milimani, ya mtumba, na aliyeiendesha kwanza huko ng'ambo lazima alikuwa na viganja kama majembe. Liva za breki, vile vyuma viwili tunavyovuta kwa vidole, zilikaa mbali na usukani hata nikawa nazifikia kwa ncha za vidole tu. Sababu ya pili ni kwamba fundi niliyemtaka alikuwa Kiambere, na fundi huyo ni baba yangu.

Zamani baba alikuwa na kibanda cha baiskeli karibu na soko letu. Alikukalisha juu ya baiskeli, akakuambia ufumbe macho na uuache mkono utue wenyewe juu ya usukani, ndipo akaisogeza liva ifuate vidole vyako. Mkono wa mchuma chai, alikuwa akisema, si mkono wa karani. Fahari yake kubwa ilikuwa kwamba akikupima mara moja, hakupimi tena. Ungerudi baada ya miaka na baiskeli nyingine, angeitengeneza bila kukugusa. Nilipokuwa darasa la sita alikwenda Kiambere kutengeneza injini za mashua za wavuvi wa bwawani, akisema ni kwa miezi mitatu tu. Sasa nina miaka thelathini na minne, na yeye hupiga simu Krismasi. Nilitaka aje nyumbani, hata kwa Jumapili moja, nimwone ameketi sebuleni kwetu.

Mama hakudanganyika. "Nenda," alisema. "Ukimpata usimwambie nimekutuma."

"Lakini hujanituma."

"Ndio hivyo. Usimwambie."

Jumatatu ya wiki ya mwisho ya likizo ya shule, saa kumi na mbili asubuhi, niliondoka kukiwa na ukungu na nikapita Igoji hata kabla maduka hayajafunguliwa. Anayeijua barabara hii kwa gari haijui. Kila mto unaotoka mlimani umechimba bonde lake, na kila bonde ni mteremko wa kufunga breki, kisha kilima cha kukulipisha. Kufika Chogoria vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Kufika Chuka sikuweza kufungua kifuniko cha chupa ya maji, na mwalimu mwenzangu wa zamani aliyenilaza kwake alinifungulia huku akinicheka.

Jumanne mchana, Embu mjini, nilisimama kwa fundi mmoja kuongeza upepo. Aliitazama baiskeli, kisha akaitazama mikono yangu.

"Hizi brake ni poa, madam. Ni vile tu haujazoea."

"Nikizoea vidole vitarefuka?"

Akacheka. "Ona, hapa kuna ka-skrubu. Naeza isongesha karibu. Two minutes tu."

"Wacha tu. Kuna mtu nampelekea."

"Umetoka Meru na baiskeli kupelekea mtu skrubu?"

Skrubu ile naijua, nimelelewa kando yake, na siku yoyote ningeweza kuizungusha mwenyewe jikoni kwetu. Lakini ningeizungusha, ningekuwa na kisingizio gani cha kwenda Kiambere?

Jumatano nilishuka Siakago. Ubaridi wa mlimani uliniacha njiani, migomba ikaisha, yakaja mashamba ya mtama na ndengu na mbuzi wasiojali honi. Nilikunywa chai sokoni, nikajaza maji chupa mbili, nikaendelea kupitia Kiritiri hadi barabara ikawa ya vumbi na mawe. Mteremko wa mwisho niliushuka nikitembea, kwa sababu mikono ilikuwa imekataa kabisa. Chini kule maji ya bwawa yalikuwa yanameta, na mimi nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno ya kumwambia.

Saa kumi alasiri nilimkuta nje ya nyumba ya mabati, amefungua injini juu ya gunia. Amekonda. Nilimsalimu kwa Kimeru, naye akaitikia kama anavyoitikia mteja, halafu akanyanyua uso.

"Kendi?"

"Ni mimi, Baba."

Hakunikumbatia, si desturi yake. Aliishika baiskeli. Mama Wanja, mwanamke anayeishi naye, ndiye aliyetoka mbio kunipokea mzigo, akaniletea ugali na samaki.

"Karibu, jisikie nyumbani," aliniambia. "Huyu mzee huwa anasema ako na msichana mdogo huko Meru. Mimi nilikuwa nangoja mtoto!"

Baba alilegeza liva zote mbili. Alizigeuza ziinamie chini kidogo, ili kifundo cha mkono kisipindike nikishuka kilima, akazisogeza ndani, kisha akaishika ile skrubu ndogo. Nikamnyooshea mkono apime.

"Rudisha," alisema bila kutazama. "Wako naujua."

Nilifurahi sana. Hapo ndipo nilipothubutu.

"Baba, njoo nyumbani. Hata Jumapili moja tu."

Alizungusha skrubu, akaivuta liva, akazungusha tena. "Nije niambie watu nini, Kendi? Miaka yote hii."

"Usiwaambie kitu. Kaa tu unywe chai."

Alinipa baiskeli, nikaizungusha uani mara mbili mbele yake. Liva zilikuwa karibu sana, niliona mara moja, lakini alikuwa akitabasamu. Nikasema ziko sawa kabisa.

Alhamisi asubuhi niliagana nao, na siku nzima ilikuwa ya kupanda hadi Embu, kwa hiyo breki hazikunidai kitu. Ijumaa, mteremko wa kwenda mto Thuci, ndipo nilipozivuta kwa nguvu. Nilitumia vidole viwili, na hivyo vingine vilivyobaki kwenye usukani vikabanwa na chuma kabla gurudumu halijasimama. Nilijitupa kwenye majani ya kando. Niliketi pale nikiutazama mkono wangu, na nikaelewa ni mkono wa nani ambao baba aliupima. Ni wa msichana wa darasa la sita aliyemwacha nyumbani. Nililia bila aibu, na mwanamke aliyepita na kuni akanipa pole akidhani nimevunjika. Kutoka hapo kila mteremko niliutembea, nikafika nyumbani Jumamosi jioni.

Niliondoka nikiamini kwamba baba asiyerudi ni baba aliyesahau. Nimerudi nikijua kwamba hakusahau hata unywele. Alinibeba vizuri sana, ila alinibeba vile nilivyokuwa siku aliyoondoka, na mimi kwa woga wa kumwudhi nikamwacha aendelee.

Jumapili baada ya kanisa nilimpigia. Mama alikuwa mezani akichambua mchele, taratibu kuliko kawaida.

"Breki zinashika?" aliuliza baba.

"Zinashika. Lakini zinanibana vidole."

"Haiwezekani. Nilizipima."

"Ulipima mkono wa mtoto, Baba. Nimekua."

Nilisikia kuku wa kule, na Mama Wanja akimwuliza kuna nini.

"Hiyo skrubu usiiguse," alisema mwishowe, na sauti haikuwa yake. "Utaharibu uzi wake wa kuzungukia. Mwambie mama yako nakuja Jumamosi na spana."

Mama alisikia. Aliendelea kuchambua mchele uleule aliokwisha kuumaliza.

Leo ni Alhamisi. Kila asubuhi naenda shuleni kwa baiskeli, nikifika mteremko wa mto wa kwetu nashuka na kutembea, na vidole bado vina alama. Skrubu sijaigusa.