Magitaa Mekundu ya Sifael

Sifael Mgonja alikuwa seremala pale Same, na watu wa milimani walimletea oda za vitanda na milango. Mwaka 2009 alikuja Yunus, mpiga solo maarufu wa muziki wa dansi, mzaliwa wa Gonja, akiwa na gitaa lake jekundu la umeme lililovunjika shingo ndani ya basi. Sifael aliliunga kwa siku mbili. Kabla ya kulirudisha akalilaza juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, akalichora pande zote.

Mwaka uliofuata Yunus alifariki, na gitaa lile halikuonekana tena. Sifael, aliyekuwa akimsikiliza redioni tangu utotoni, akaamua kulitengeneza upya. La kwanza, la mbao ya grevilea, lililia kama debe. La pili akalichonga kwa mkangazi, sumaku na waya za kunasia sauti akasukiwa na fundi redio wa Mwanga. Likawa afadhali, ila si Yunus. Akabadilisha mbao, akabadilisha waya, akapunguza unene. Miaka ikaenda. Wateja wakachoka kungoja vitanda vyao, wakahamia kwa wengine.

"Baba Anold, watu wanasema umepagawa," mkewe Eliakunda alimwambia.

"Bado kidogo tu, mama."

Kufikia mwaka jana alikuwa na magitaa kumi na moja, na sikio lake la kushoto lilishaharibiwa na mashine ya randa.

Mwezi wa nane akaja Sumaiya, binti wa Yunus, aliyesikia habari za magitaa hayo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Karibu, keti."

Sumaiya alishika gitaa moja, akalipapasa, machozi yakamlengalenga. "Ni lenyewe kabisa. Mpaka hapa rangi ilipobanduka!"

"Sauti ndiyo inanishinda. Kwenye nyimbo zake hailii hivi."

Sumaiya akasema taratibu, "Baba, hili jekundu alilinunua uzeeni, la kupigia kwenye maharusi. Zile nyimbo alizirekodi kwa gitaa la bendi, jeusi. Liliungua pamoja na ukumbi wao wa dansi kabla sijazaliwa."

"Jeusi?"

"Jeusi. Hata mimi sikuwahi kuliona."

Sifael aliuliza kama ipo picha. Haikuwepo. Akamfungia gitaa moja kwenye shuka ampelekee mama yake, akamsindikiza hadi barabarani.

Eliakunda alipoleta chakula cha mchana alimkuta amekaa kwenye benchi la kurandia, hajagusa kitu. Akamsimulia yote. Eliakunda alikaa karibu naye mpaka ugali ukapoa.

Magitaa mengine yapo darini, nyuzi zimeota kutu. Oda anazopata sasa ni za majeneza, maana mfiwa hana muda wa kuzunguka akitafuta fundi mwingine. Redio ikipiga wimbo wa Yunus, Sifael hutoka nje, akasimama kwenye jua mpaka uishe.